Jogoo wa Krismasi na kideri

*Daktari, kila mwaka tunafuga jogoo wa Krismasi. Mwaka jana alizubaa, akaharisha kijani, shingo ikapinda, akafa wiki moja kabla ya sikukuu. Watoto walilia. Nifanyeje? – Mama wa Watatu*

Pole, mama. Kwa dalili hizo, huenda ni kideri, ugonjwa wa virusi usio na tiba, ila chanjo ipo. Ile ya matone, mtie kila kuku tone moja jichoni mwanzoni mwa Novemba, urudie kila miezi mitatu. Chanja wazima tu. Haimponyi aliyekwisha ugua. Kuku mgeni kutoka sokoni mtenge wiki mbili. Wakifa wawili watatu ghafla, fukia mizoga, usiuze waliobaki, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Ukikiwahi kideri, pilau halitakosa kidari.