Jicho la Kushoto, Mkono wa Kulia: Mwongozo kwa Wakufunzi wa Shabaha na Askari Walio Mafunzoni

Askari wa wanyamapori, mlinzi wa benki na polisi wa doria wana wajibu mmoja kila wanapobeba silaha: risasi iende pale ilipokusudiwa, na aliyeifyatua aweze kuitolea maelezo. Wajibu huo hautimizwi na mtu asiyejua ni jicho lake lipi linalolenga. Hata hivyo, mara nyingi kuruta hupewa bunduki, akaambiwa aiegemeze kwenye bega la mkono anaoandikia, na habari ya jicho isitajwe mpaka matokeo yawe mabaya. Hapo huwa ameshaitwa mzembe.

Macho mawili hayatazami kutoka mahali pamoja. Kwa mtu mzima wastani wa umbali kati ya mboni na mboni ni kama sentimita 6, na kwa sababu hiyo kila jicho hupeleka kwenye ubongo picha inayotofautiana kidogo na ya mwenzake. Linapokuja suala la kuelekeza kitu, ubongo hufuata picha ya jicho moja, nalo ndilo jicho tawala. Mtaalamu wa Italia Giambattista della Porta aliieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1593, kwa hiyo si ugunduzi wa jana. Takriban theluthi mbili ya watu hutawaliwa na jicho la kulia na theluthi moja na la kushoto, ilhali watu tisa katika kumi hutumia mkono wa kulia. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, ni dhahiri kwamba wenye mkono wa kulia na jicho tawala la kushoto si wachache. Katika darasa la kuruta thelathini, mkufunzi atarajie kuwakuta kadhaa.

Utawala wa jicho haupimwi kwa ukali wa kuona. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo vizuri zaidi kwa jicho la kulia na bado akalenga kwa la kushoto, kwa hiyo cheti cha hospitali kinachosema macho ni mazima hakijibu swali hili. Kipimo chake ni chepesi na hakihitaji silaha. Kuruta hunyoosha mikono yote miwili mbele, akaunganisha viganja na kuacha tundu dogo katikati, kisha kwa macho yote mawili wazi akatazama kupitia tundu hilo kitu kilicho mita tano au zaidi mbele yake. Bila kusogeza mikono hufumba jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo tawala. Kipimo kirudiwe mara kadhaa, na mikono ishushwe kabisa kila baada ya kurudia, kwa sababu wapo ambao utawala wao ni hafifu na hubadilika kwa kutegemea pembe wanayotazamia. Hao hupotoshwa zaidi kuliko wengine, kwani leo hulenga kwa jicho hili na kesho kwa lile bila kujijua.

Mkufunzi makini huigundua hali hii hata kwenye karatasi ya shabaha. Mtumia bastola wa mkono wa kulia anayenyakua kifyatulio badala ya kukibana polepole hupeleka risasi chini kushoto. Mwenye jicho na mkono visivyoafikiana huacha alama tofauti: kundi moja zuri mahali pamoja na kundi jingine, zuri vilevile, pembeni. Hiyo ni dalili kwamba mkono umetulia na jicho ndilo limebadilishana zamu. Njia ya kuthibitisha ni kufunika jicho la upande usiolenga na kurudia zoezi. Kundi la pili likitoweka, hakuna haja ya kumlaumu mtu kwa kifyatulio.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye shotigani, nayo ndiyo silaha ya walinzi wengi wa kampuni binafsi. Bunduki hii ya marisaa kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma, kwa hiyo jicho la mlengaji ndilo kilengeo cha nyuma. Tuseme kitako kiko kwenye bega la kulia, lakini jicho la kushoto ndilo linaloona shanga ya mbele na kuilinganisha na shabaha. Ikiwa shanga iko mita moja kutoka usoni, mtutu utakuwa umeelekea kushoto kwa sentimita 6 katika kila mita inayofuata. Kwenye mita 30 hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu pembeni. Mlinzi huyo ataapa kwamba alilenga sawasawa, na atakuwa anasema kweli. Mtu asiyehusika aliyesimama kushoto kwa shabaha hatanufaika na kiapo hicho.

Kwa bastola, tatizo linatatulika bila kubadili mkono. Silaha haigusi uso, hivyo inaweza kusogezwa sentimita chache mpaka iwe mbele ya jicho tawala, au kichwa kikageuzwa kidogo kuelekea bega la kulia ili jicho la kushoto lije nyuma ya vilengeo. Bastola ibaki wima. Kuilaza kwa kupinda kifundo cha mkono ni kuondoa kosa moja na kuleta jingine. Mkoba wa bastola hubaki upande wa mkono wenye nguvu. Kuruta aliyefundishwa hivi tangu mwanzo huwa mlengaji sawa na wenzake.

Bunduki ndefu haina msamaha huo. Shavu linakaa juu ya kitako, na jicho la upande ule ndilo pekee lililo nyuma ya vilengeo. Kwa anayeanza, ambaye mwili wake haujazoea upande wowote, ushauri wa mwongozo huu ni kuhamia bega la jicho tawala. Wiki za kwanza huwa ngumu na mikono huonekana mizito, lakini mkono hufundishika kuliko jicho. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na akatwaa medali ya dhahabu ya bastola ya mipigo ya haraka katika Olimpiki ya London mwaka 1948, kisha tena Helsinki mwaka 1952. Kuruta mwenye mikono miwili mizima asikubali kuambiwa kwamba haiwezekani.

Kuhama bega kuna gharama zake, na mkufunzi azieleze waziwazi. Bunduki nyingi zimeundwa kwa ajili ya mtu wa kulia. AK-47 ina kufuli la usalama na mkono wa kukokia upande wa kulia, na mkono huo hurudi nyuma kila risasi inapotoka. Bunduki ya boliti inayobebwa dhidi ya nyati humlazimu mtu wa bega la kushoto kuvusha mkono juu ya silaha ili kuingiza risasi ya pili, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa muda huo ni mrefu. Mienendo hii ifanyiwe mazoezi kwanza kwa silaha iliyokaguliwa na kuthibitishwa kuwa tupu, mahali pasipo na risasi halisi, mpaka kufuli la usalama litafutwe na kidole bila msaada wa macho. Uwanjani, anayelenga kwa bega la kushoto apangwe mwisho wa mstari upande wa kushoto. Kifua chake huelekea kushoto, na akiwa katikati ya mstari, maganda ya moto kutoka kwenye silaha ya jirani humjia usoni.

Hali ya askari mzoefu ni tofauti. Aliyelenga kwa bega la kulia kwa miaka mingi, akabadilishwa ghafla, atarudi kwenye mazoea yake siku ya hatari, tena akiwa nusu huku na nusu kule. Zipo pia silaha zisizoruhusu uchaguzi: SA80 ya jeshi la Uingereza hutoa maganda kulia, karibu kabisa na uso wa mlengaji, na kwa hiyo askari wake wote hufundishwa bega la kulia. Kwa watu hawa njia ni kulizuia jicho tawala. Kulifumba hufaa kwa risasi moja ya utulivu, ila huchosha uso na kupunguza upana wa kuona. Kipande kidogo cha utepe usiopitisha picha, kilichobandikwa kwenye miwani ya kinga mbele ya jicho hilo, huacha mwanga uingie na kuondoa ushindani. Hata wanamichezo wa kimataifa hutumia kizuizi cha namna hiyo, na kanuni zao huruhusu upana usiozidi milimita 30. Utepe, hata hivyo, ni chombo cha uwanja wa mazoezi. Askari wa doria anahitaji kuona pande zote. Darubini au kilengeo cha nukta nyekundu husaidia wengi, lakini kila mmoja apimwe nacho kabla ya kukitegemea kazini.

Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka atoe mafunzo yanayowezesha kazi kufanyika kwa usalama. Kumkabidhi mlinzi shotigani bila kujua jicho lake ni kuuacha wajibu huo nusu njia. Matokeo ya kipimo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mafunzo pamoja na bega lililochaguliwa na sababu yake, na yapimwe upya baada ya jeraha la jicho, upasuaji wa mtoto wa jicho au miwani mipya. Askari naye asifiche tatizo kwa kuogopa kupoteza nafasi ya kazi, kwani silaha yake inabebwa katikati ya raia.

Aliyeshindwa mtihani wa shabaha bila jicho lake kupimwa ana haki ya kuomba apimwe kabla alama hazijaingizwa kwenye faili lake. Mkufunzi anayeombwa hivyo aitikie siku hiyohiyo.