Nasibu si Kubahatisha: Istilahi ya Uigaji wa Mnururisho

Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi ifaayo kwa programu za kompyuta zinazoiga safari ya nyutroni na fotoni ndani ya maada. Programu hizo hukadiria unene wa kuta za kinga katika vinu vya nyuklia, na kiasi cha mnururisho kinachomfikia mgonjwa wa saratani. Istilahi potovu hapa yaweza kumfanya msomaji ayadharau matokeo ambayo uhai hutegemea.

Chimbuko

Mwaka 1946, mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya kuugua, alicheza karata peke yake akajiuliza uwezekano wa kushinda. Hesabu ilipomlemea, aliona ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Mwaka 1947, John von Neumann aliandaa mpango wa kulitumia wazo hilo kufuatilia nyutroni, na mwaka 1948 kompyuta ya ENIAC ikafanya hesabu zenyewe. Nicholas Metropolis alipendekeza jina Monte Carlo, mtaa wa Monaco unaosifika kwa kamari. Mwaka 1977, maabara ya Los Alamos nchini Marekani iliunganisha programu zilizotangulia, za nyutroni na za fotoni, ikapatikana MCNP.

Utendakazi

Programu hufuatilia chembe moja baada ya nyingine. Je, chembe itasafiri umbali gani kabla ya kugongana? Itagonga atomu ya elementi gani? Itafyonzwa, itatawanywa, au, iwapo ni nyutroni, itakipasua kiini? Kila jibu huteuliwa kwa namba nasibu, ila kwa kufuata uwezekano uliokwisha kupimwa na wanafizikia. Chembe 10,000 zikirushwa ukutani na takriban 100 zikapenya, kosa la makadirio ni kama asilimia 10. Zikirushwa 1,000,000, zitapenya kama 10,000, na kosa litashuka hadi asilimia 1. Yaani, kulipunguza kosa mara kumi hudai chembe mara mia.

Uteuzi wa istilahi

Mtafsiri anaweza kushawishika kuiita mbinu hii "ya kubahatisha". Hilo ni kosa. Anayebahatisha hutenda bila kujua, wala hawezi kusema amekosea kwa kiasi gani. Nasibu ni dhana tofauti: tukio moja halitabiriki, lakini wingi wa matukio una kanuni. Mwandalizi wa bahati nasibu hajui nani atashinda, lakini faida yake anaweza kuikadiria. Kwa msingi huo, tunapendekeza "uigaji nasibu".

Hitimisho

Kiswahili hakihitaji kukopa neno hapa. Kinachohitajika ni kutenganisha maneno mawili kilicho nayo tayari. Mwanaistilahi na aielewe kwanza kazi ya kitu, ndipo akipe jina.