Mashine ya Babu Bado Inanyoa

Mashine ninazozungumzia hapa ni zile za shaba iliyochovywa nikeli, zenye mpini na kichwa kinachobana wembe mmoja wa makali mawili. Wazee wetu waliziweka dirishani ndani ya kikombe, pamoja na brashi na kipande cha kioo. Nimezikusanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila asubuhi nanyolea mojawapo. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara, hasa na vijana waliorithi mashine wasijue waanzie wapi.

Shikamoo mzee. Kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta mashine ya kunyolea. Imeandikwa Gillette, na chini yake "Made in England". Ni ya mwaka gani, na ina thamani?

Marahaba, mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Kwanza ifungue. Shika kichwa kwa mkono mmoja, kisha zungusha mpini taratibu kuelekea kushoto. Ikiachana vipande vitatu, yaani kofia ya juu, bamba la katikati na mpini, tazama ukingo wa bamba. Ukiwa mzima, bila meno, huenda umeshika Tech, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 na kuendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa. Ukingo ukiwa na meno kama chanuo, mara nyingi ni ya zamani zaidi. Na kama haiachani, ila ukizungusha kifundo cha chini kichwa kinafunguka milango miwili kama kabati, hiyo ni ya jamii nyingine, ya akina Aristocrat na Rocket.

Nyingi nilizozipata kwetu zilitengenezwa Uingereza, ambako Gillette ilikuwa na kiwanda kikubwa Isleworth, upande wa magharibi wa London. Za Marekani ni rahisi kuzijulia umri. Kuanzia mwaka 1951 zilipigwa muhuri wa herufi na namba chini ya kichwa: herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. A ni 1955, E ni 1959, F ni 1960. Ukikuta F na 3, basi ilitoka kiwandani kati ya Julai na Septemba 1960. Za Uingereza nyingi hazina alama ya wazi namna hiyo, kwa hiyo tunasoma umbo la bamba, mikato ya mpini na sanduku lake kama lipo.

Ama kuhusu thamani, nitakwambia kweli: Tech zilitengenezwa kwa mamilioni, na haitakulipia hata ada ya muhula. Lakini iweke karibu na dirisha uitazame shingo ya mpini. Ninayo moja ambayo nikeli yake imelika pale tu kidole gumba kinapokaa, njano ya shaba inachungulia, alama ndogo kama punje ya mchele. Mtu mmoja aliishika hivyo hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, miaka na miaka. Mashine kama hiyo mimi siuzi, wala sikushauri uiuze.

Ni kweli Gillette ndiye aliyegundua mashine hizi?

Hapana. Karne ya 18, Jean-Jacques Perret, fundi visu wa Paris, alishaupa wembe wa kukunja kinga ya mti ili usizame kwenye ngozi. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe walipata hataza huko New York kwa mashine iliyokuja kuitwa Star. Ila wembe wake ulikuwa mnene, kipande cha wembe wa kinyozi, na ulihitaji kunolewa kila mara.

King Camp Gillette alikuwa mwuzaji msafiri katika kampuni ya vizibo vya chupa, vile vya bati tunavyoviona kwenye soda hadi leo. William Painter, aliyebuni vizibo hivyo, alimshauri abuni kitu ambacho mtu akishakitumia anakitupa na kununua kingine. Mwaka 1895 ndipo lilipomjia wazo la wembe mwembamba wa bati la chuma, usionolewa. Wataalamu wa chuma walimwambia haiwezekani: chuma chembamba kiasi kile kikipitishwa motoni kinajikunja na hakishiki makali. Aliyelifungua fundo hilo ni mhandisi William Emery Nickerson, na kwa maoni yangu jina lake lilistahili kukaa kwenye karatasi ya wembe pamoja na ile picha ya Gillette mwenye masharubu. Kampuni iliundwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168.

Gillette huyo huyo mwaka 1894 alikuwa amechapisha kitabu akitaka Wamarekani karibu wote wahamie jiji moja kubwa litakaloendeshwa kwa umeme wa maporomoko ya Niagara. Mawazo yake yalikuwa makubwa, lakini lililofika duniani kote ni lile dogo la kuingia mfukoni.

Nimefundishwa chuoni kwamba Gillette aligawa mashine bure ili apate faida kwenye nyembe. Ni sahihi?

Wanafunzi wengi wa biashara wamelishwa hadithi hiyo, na mambo hayakuwa hivyo. Miaka yote ambayo hataza yake ilimlinda, kuanzia 1904, mashine iliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa wakati ule. Ilikuwa kitu cha mtu mwenye uwezo. Kilichoisambaza kwa watu wa kawaida ni vita: Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake lilichukua mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari, nao walirudi nazo nyumbani. Bei ilishuka hataza ilipokwisha mwaka 1921, wakati kila mwenye karakana angeweza kutengeneza ya kwake. Ndiyo maana mashine za kabla ya hapo zina uzito na umaliziaji wa aina yake. Mnunuzi alikuwa amelipa, naye alitarajia chombo cha kumzika.

Je, nyembe za mashine hizi bado zinapatikana?

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Wembe wa makali mawili unaouzwa leo dukani kwa Mangi unaingia bila shida kwenye mashine ya mwaka 1904. Uwazi ule wa katikati ya wembe umechongwa ili upokee pini tatu za mashine za kwanza na pia vishikizo vya mashine za baadaye. Zaidi ya karne imepita na vipimo havijavunja urafiki.

Tahadhari yangu ni kwa anayeanza kukusanya. Rolls Razor ya Uingereza, ambayo sanduku lake ni jiwe la kunolea upande mmoja na ngozi upande wa pili, ni kazi nzuri ya ufundi. Valet AutoStrop vilevile. Lakini hizo zina nyembe za kwao, na kuzipata ni taabu. Anza na inayokula wembe wa dukani. Mashine isiyonyoa inageuka pambo, na mimi siamini katika kukusanya mapambo ya namna hiyo.

Kaka, nimeiona mashine nene yenye namba 1 hadi 9 shingoni. Muuzaji anasema ni adimu sana.

Hiyo ni Gillette 195, ambayo wakusanyaji wanaiita Fatboy. Iliuzwa kuanzia mwaka 1958 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukizungusha shingo, bamba linapanda au kushuka, na nafasi kati ya makali na ukingo inabadilika. Kwenye 1 wembe unagusa kwa upole. Kwenye 9 unakata kwa ukali. Ni mashine bora, lakini si adimu. Inapendwa, na muuzaji anakutoza mapenzi hayo.

Kabla hujatoa pesa, ikague. Fungua na kufunga milango: inapaswa kukutana katikati bila kuachana. Peleka namba kutoka 1 hadi 9 na kurudi, ukisikiliza kama inakwama. Na ukiinunua, kila unapotaka kubadili namba legeza kwanza kifundo cha chini nusu mzunguko, ndipo uzungushe shingo. Wanaolazimisha ikiwa imekazwa wanaila mashine taratibu kwa ndani.

Kwa mashine za vipande vitatu zenye mpini wa bomba, hasa za kabla ya miaka ya 1930, pitisha ukucha kuzunguka mpini. Ukikwama kidogo, kuna ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo utaongezeka ukikaza. Ukiona pia jino la chanuo limepinda, achana nayo, kwa sababu wembe hautakaa sawa.

Mashine yangu niisafishe vipi? Imejaa uchafu wa kijani.

Kijani hicho ni kutu ya shaba, iliyochanganyika na sabuni ya miaka. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua kwa mswaki laini uliochakaa, suuza, rudia. Hiyo inatosha kwa tisa katika kumi. Usichemshe: rangi ya namba itatoka. Usitumie steelwool wala majivu, maana tabaka la nikeli ni jembamba, na la dhahabu, kwa zile zilizochovywa dhahabu, ni jembamba zaidi.

Niliwahi kuilaza Aristocrat ya dhahabu kwenye siki usiku kucha. Nilisoma mahali kwamba siki inaondoa chokaa, na ni kweli inaondoa. Asubuhi niliitoa ikiwa na madoa ya waridi pale dhahabu ilipokuwa. Mashine hiyo ilikuwa imehifadhiwa na familia moja tangu kabla sijazaliwa, nami niliiharibu kwa usiku mmoja. Bado inanyoa. Lakini kila nikiishika naona yale madoa.

Ikishatakata, futa kichwa kwa spiriti, kiache kikauke. Nyembe kuukuu zilizomo sandukuni, hata zikionekana safi, usizitumie. Na wembe wako ni wako peke yako. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijali kama mliochangia ni ndugu. Mashine mnaweza kurithishana, wembe hapana.

Mimi kila nikinyoa natokwa vipele shingoni. Mashine ya zamani itanisaidia?

Inaweza kukusaidia sana, ila si kwa uchawi. Ndevu zetu watu weusi mara nyingi zimejikunja. Mashine za kisasa zenye nyembe mbili, tatu au tano zilizopangana, ambazo Gillette ilizianzisha na Trac II mwaka 1971, zinakata unywele karibu mno na ngozi, wakati mwingine chini yake. Unywele uliojikunja ukianza kuota unarudi ndani ya ngozi kama ndoana, mwili unapigana nao, kipele kinatokea. Wembe mmoja unaukata sawa na uso wa ngozi na kuuacha hapo.

Kama vipele vimewaka sasa hivi, acha kunyoa wiki kadhaa hadi vitulie, na vikiwa na usaha nenda hospitali. Baada ya hapo fanya hivi. Pitisha vidole kwenye ndevu kavu ujue zinalala upande gani. Shingoni kwa wengi zinageuka; huenda upande mmoja zikashuka na mwingine zikaenda pembeni. Osha uso kwa maji ya moto, paka povu, liache dakika mbili. Weka kofia ya mashine shavuni, mpini ukiwa karibu sambamba na sakafu, kisha shusha mpini polepole mpaka usikie makali yameshika. Hapo wembe umelala kama nyuzi 30 kwenye ngozi. Usibonyeze. Shaba ina uzito wake, uachie ushuke wenyewe, vipande vya sentimita mbili mbili, kufuata unywele. Utasikia sauti ndogo kama ya mtu anayekuna karatasi; ikigeuka kimya, pembe yako imepotea au ndevu zimekwisha. Usivute ngozi, na usirudi kinyume cha unywele hata kama mkono unakuwasha kufanya hivyo. Utabaki na ukwaruzo kidogo ukijipapasa. Uache.

Nyembe zilizotumika nitupe wapi? Nina watoto nyumbani.

Chukua mkebe wa maziwa ya unga, toboa kifuniko mwanya mwembamba, kigandishe kifuniko kwenye mkebe kwa gundi, uuweke juu watoto wasipofika. Mkebe mmoja unachukua nyembe za miaka mingi. Nyumba nyingi za Marekani za katikati ya karne iliyopita zilikuwa na kijitundu nyuma ya kabati la bafuni, na wembe uliotumika ulidondokea ndani ya ukuta. Mpaka leo mafundi wanaovunja kuta hizo wanakutana na lundo la nyembe zenye kutu.

Mzee, katika zote ulizonazo, kesho asubuhi utanyolea ipi?

Tech ya Uingereza, ile yenye punje ya mchele shingoni. Nimeshaitia wembe mpya jioni hii. Kofia kwanza, kichwa chini kiganjani. Wembe juu yake, nikiushika kwa ncha zake fupi zisizo na makali. Kisha bamba, halafu mpini. Ukikaza, wembe unajipinda kidogo kama upinde, na hapo ndipo bati laini la milimita 0.1 linapopata uthabiti wa kukata ndevu bila kutetemeka. Ninatazama pande zote mbili kama makali yametokeza sawasawa. Yametokeza. Ipo dirishani.