Majeruhi wa bodaboda tumwinue vipi?

Swali: Daktari, bodaboda ikianguka kijijini kwetu, majeruhi hubebwa juujuu, huyu mikono, yule miguu, hadi kwenye gari. Ni sawa?

Jibu: Hapana, nakusihi mkomeshe. Akibebwa hivyo kiwiliwili hupinda. Kama pingili ya mgongo imevunjika, inaweza kuumiza uti wa mgongo akapooza. Pasipo moto wala hatari ya magari, mwacheni alipo, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisiyumbe. Ikibidi kumhamisha na machela ikakosekana, ubao wa mlango unafaa. Mgeuzeni ubavu kwa pamoja kama gogo. Aliyeshika kichwa ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Ingizeni ubao, mlazeni chali, mfungeni kwa khanga. Mnapoinua, chuchumaeni, nguvu itoke miguuni. Helmeti msiivue, isipokuwa kama hapumui.