Mate ya Mbung'o na Damu ya Ng'ombe Wako

Ndugu mkulima, wewe uliye karibu na Mto Sio au Mto Malaba, bila shaka umemwona mbung'o amejaa damu chini ya tumbo la ng'ombe. Ukijikata kidole, damu huganda upesi. Mbona haigandi katika mrija wa mbung'o, ambao ni mwembamba kama sindano? Sababu ni mate anayotema kidondani kabla ya kunyonya.

Mshipa ukitobolewa, seli zilizoumia hutoa kemikali iitwayo ADP. Chembe za kugandisha damu zina vipokezi juu yake. Kipokezi ni mfano wa kufuli, na ADP ni ufunguo. Kufuli likifunguka chembe huamka, kisha kwa vipokezi vya namna nyingine hushikana kwa fibrinojeni mpaka tundu lizibwe. Kitu kingine kiitwacho thrombini huhimiza kazi hiyo.

Mwaka 2010 wataalamu wa Antwerp, Ubelgiji, walieleza protini ya mate ya mbung'o yenye kazi mbili: huvunja ADP, tena huvizuia vipokezi vya fibrinojeni. Iko peptidi nyingine fupi, ya asidi-amino 32 tu, ambayo huikamata thrombini. (Mbung'o aliyechunguzwa ni wa mbugani, ndugu wa huyu wetu wa mtoni.)

Sasa sikiliza vizuri. Vijidudu vya malale vikikaa katika tezi za mate za mbung'o, mate hupungua nguvu. Damu huganda mapema, naye hukawia kushiba. Ng'ombe akimfukuza kwa mkia, aweza kwenda kumwuma mwingine, na kila mdomo unapoingia vijidudu vyaweza kuingia.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Lakini mbung'o wangaliko, na nagana pia. Na ng'ombe aweza kubeba vijidudu vya malale asionekane mgonjwa: huko Soroti, Uganda, malale ilizuka mwaka 1998 kwa sababu ya ng'ombe walioletwa mnadani kutoka sehemu zenye ugonjwa.

Basi ukinunua ng'ombe wa plau, hata akiwa mnono, usimchanganye na wako kwanza. Mwite daktari wa mifugo ampime damu na kumdunga sindano. Dawa ya kuua mbung'o nyunyiza miguuni na tumboni, ndipo wapendapo kuuma. Hivyo dawa kidogo itatosha ng'ombe wengi.