Masta silinda ya gari la zamani: jua inavyofungwa kabla hujaipandisha mtandaoni

Leo naongea zaidi na wale mnaouza spea, hasa spea za magari ya zamani. Mimi nina duka la spea hapa Ngara. Nauza dukani na kwa WhatsApp, na mizigo mingi naipakia kwenye basi kwenda Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi na Biharamulo mjini. Sijasomea ufundi chuoni. Nilimaliza sekondari nikaingia dukani, mengine nimeyapata kwa kukaa na mafundi na kufungua vyuma mwenyewe.

Bidhaa ya leo ni masta silinda ya breki. Mteja ukimtumia taa isiyo yake atakasirika, mtabadilishana, yameisha. Ukimtumia masta silinda isiyo yake, akailazimisha ikaingia, anashuka nayo kwenda Rusumo. Huku kwetu ni vilima tu, na barabara ya Lusahunga hadi mpakani ina malori ya Rwanda na Burundi mchana na usiku. Hapo breki si kitu cha kujaribia bahati.

Magari ninayoongelea ni Land Rover 88 na 109, na Land Cruiser za mwili wa zamani, zile za 40. Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Toyota waliacha zile za 40 mwaka 1984. Maana yake iliyo changa kabisa ina miaka arobaini. Mwenye nayo atakuambia ilikuwa ya misheni, au ya shirika fulani enzi za Benaco, 1994. Imepita mikono mingi, na kila mkono umebadilisha kitu. Ndiyo maana jina la gari pekee halitoshi kukuambia mteja anahitaji masta gani.

Nina mzee mmoja mteja wangu, yuko upande wa Nyakahura, anabeba mahindi na ndizi kwa 109 yake, na siku za mnada anabeba na watu. Aliniandikia hivi:

"Kijana, una masta ya breki ya 109?"

"Shikamoo mzee wangu. Ninayo. Naomba kwanza unipigie picha ya iliyopo kwenye gari kabla hujaifungua, upande wa paipu."

"Marahaba. Picha ya nini tena? 109 ni 109."

Akapiga. Ya kwake ilikuwa na paipu moja ya kutokea, haina busta, imekaa moja kwa moja kwenye kisanduku cha pedeli. Niliyokuwa nayo rafuni ni ya paipu mbili, ya kukaa mbele ya busta. Zote ni za 109! Nikamwambia asitume hela. Picha nikaipeleka kwa mtu ninayechukua mzigo kwake Gerezani, Dar, na ikachukua wiki nzima kupatikana. Mzee alinuna kweli, gari limelala na mahindi yapo. Lakini hela yake alikuwa nayo mfukoni, na mimi sikuwa na mzigo wa kurudishiwa.

Tofauti ya paipu moja na mbili si ya umbo tu. Ya paipu moja inalisha matairi yote manne kwa njia moja. Ikivuja popote au raba ikichoka, breki zote zinaondoka kwa pamoja, unabaki na gia na hendibreki. Na hendibreki ya Land Rover hizi haishiki matairi, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ya paipu mbili ina vyumba viwili ndani, kimoja kikifa kingine bado kinasimamisha gari, japo kwa shida. Kwa hiyo mteja wa paipu moja akikuambia "pedeli inazama kidogo lakini natembea hivyo hivyo", mwambie alipaki.

Kabla ya kuuza, hakikisha masta ndiyo mgonjwa. Hapa wauzaji wengi tunapapenda pesa kuliko mteja. Mwambie awashe gari likiwa limesimama sehemu tambarare, akanyage pedeli kwa nguvu ya kawaida, ashikilie kama dakika moja. Pedeli ikizama taratibu hadi chini na hakuna tone la mafuta kwenye matairi wala kwenye paipu, raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta. Hiyo ni masta. Pedeli ikiwa laini kama inakanyaga sponji, kuna upepo ndani. Ikienda chini mara ya kwanza, lakini ukipampu mara mbili tatu inapanda na inakaa, mara nyingi ni breki za ngoma hazijarekebishwa. Kwenye Land Rover kuna kichwa cha boliti nyuma ya bamba la breki; unakizungusha hadi tairi lishike, halafu unakilegeza kidogo tairi lizunguke huru. Kazi hiyo haina spea ya kununua. Nimeshawaambia watu hivyo wakarekebisha, hawakununua kitu siku hiyo. Wengi wao leo ndio wananunua fani belti na filta kwangu.

Sasa vitu vya kumuuliza. Mimi nataka picha tatu: paipu zinapoingia, sehemu masta inapofungwa, na kikopo cha mafuta. Kuna Land Rover za nyuma kidogo ambazo kikopo kimoja cha bati kinalisha breki na klachi, kina ukuta katikati. Ukimtumia masta yenye kikopo chake juu, ataanza kukata na kuunga. Nataka pia maandishi yaliyo ubavuni mwa masta. Nyingi zimeandikwa ukubwa wa tundu kwa inchi: 3/4, 13/16, 7/8, 1.

Usidharau hiyo namba. Watu wanasema "weka kubwa breki zishike zaidi". Ni kinyume. Nguvu ya mguu wako inagawanywa kwenye uso wa pistoni. Pistoni ya inchi 1 ina uso karibu mara 1.8 ya ile ya 3/4. Ukiweka kubwa kuliko ya kiwandani, pedeli inakuwa fupi na ngumu kama jiwe, na lazima ukanyage zaidi kupata breki ile ile. Ukiweka ndogo, pedeli inakuwa nyepesi lakini inaweza kufika sakafuni kabla breki hazijashika vizuri. Muuzaji asiyejua hili atasema "inaingiliana tu mzee", kwa sababu boliti zimelingana.

Jambo lingine ni nyuzi za nati za paipu. Land Rover za zamani ni nyuzi za Kiingereza, nyingi 3/8. Toyota ni milimita, nyingi ni 10. Ukizishika mkononi zinafanana kabisa, na moja inaingia kwenye nyingine raundi mbili hivi ndipo inakaza. Mtu akidhani ni uchafu akaongeza spana, nyuzi zimekufa, na masta mpya imekuwa chuma chakavu. Nati ya paipu lazima iingie kwa vidole raundi kadhaa. Ikikataa, simama. Huu ujumbe naubandika kwenye boksi kwa mkono kabla sijalipeleka stendi.

Tuje kwenye kufunga, maana mteja wa kijijini atafunga nyumbani, si gereji. Mzee wangu alifungia uani kwake, mjukuu wake anakanyaga pedeli, mimi nikiwa kwenye simu.

Kwanza mafuta ya zamani yanyonywe kwenye kikopo kwa bomba la sindano. Mafuta ya breki yanababua rangi ya gari, kwa hiyo tandika kitambaa na uwe na maji karibu. Paipu zifunguliwe kwa spana inayobana vizuri, siyo plaizi, na midomo yake izibwe vumbi lisiingie. Kama kuna busta, masta inatoka kwa nati zilizo mbele yake. Angalia mdomo wa busta: ukikuta mafuta, masta ilikuwa inavujia nyuma, na busta nayo ikaguliwe. Kama hakuna busta, kijiti cha pedeli kinaingia moja kwa moja kwenye masta, na mara nyingi ni rahisi kutoa kisanduku chote cha pedeli kuliko kuhangaika na mkono kwenye kona.

Masta mpya isifungwe ikiwa kavu. Hapa ndipo wengi wanakwama siku mbili wakisema "umeniuzia mbovu". Ibane kwenye vaisi kwa upole, jaza mafuta, weka vipaipu vifupi kutoka matundu ya kutokea virudi ndani ya kikopo, kisha sukuma pistoni taratibu kwa kijiti cha mbao. Achia, sukuma tena, hadi mapovu yaishe. Ndipo uipeleke kwenye gari.

Ukishaifunga, pedeli iwe na mchezo mdogo kabla kijiti hakijaanza kusukuma pistoni, milimita moja au mbili kwenye kijiti. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo. Kijiti kikiwa kirefu, pistoni hairudi mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto yanakosa pa kwenda. Gari linatoka nyumbani vizuri, likifika mbali kidogo breki zinajishika zenyewe na ngoma zinanuka. Mteja atakupigia akisema breki ni kali mno. Mwambie aangalie kijiti hicho kabla ya kitu kingine.

Kutoa upepo kwa kawaida kunaanza na tairi la mbali na masta. Kwa magari yetu ya usukani kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ya upepo, anafunga kabla mguu haujaachia. Kikopo kisikauke hata mara moja, kikikauka mnaanza upya. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila tairi na upepo unapenda kujificha kwenye ya juu. Mzee na mjukuu walirudia upande ule mara tatu, na mafuta yakaisha wakiwa wamebakiza tairi moja. Kwa hiyo sasa ninapouza masta nauza na chupa za kutosha za mafuta ya breki, sisubiri mteja aulize.

Mafuta yenyewe yawe DOT 3 au DOT 4 iliyofungwa. Hizo mbili zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nazo. Chupa iliyokaa wazi imenyonya maji ya hewani: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140, na kwenye mteremko mrefu ngoma zinapata moto sana. Yakichemka yanatoa mvuke, na pedeli inazama. Mafuta ya injini au ya haidroliki ndiyo usiguse kabisa, raba zinavimba ndani ya saa chache. Ukisikia mteja anauliza kama anaweza "kuongezea kidogo tu" mafuta ya injini, mpigie, usimjibu kwa meseji.

Kwenye posti zangu siandiki tena "masta ya 109 ipo". Naandika hivi: "Masta silinda ya breki, Land Rover, paipu moja, haina busta, tundu inchi kadhaa, nyuzi 3/8. Tuma picha ya ya kwako kabla ya kulipa." Wanaouliza wamepungua, lakini wanaolipa wananunua kweli, na mizigo inayorudi na basi imepungua sana. Ninamwomba mteja pia asitupe ile ya zamani. Aiweke kwenye boksi la mpya hadi amejaribu gari: kwanza amesimama injini ikiwaka, kisha mwendo wa kutembea hapo hapo uani, kisha barabara tambarare bila mzigo, halafu akague kila nati kama kuna unyevu. Mteremko ni wa siku inayofuata, baada ya kuangalia tena kikopo asubuhi.