Lenzi za Zamani kwa Picha za Sura

*Nina kamera ya Sony isiyo na kioo cha ndani, yenye sensa ya APS-C. Lenzi mpya za picha za sura haziguswi kwa bei. Je, za zamani zitanifaa?*
*Msomaji, Morogoro*

Zitakufaa, mradi ukubali kuzungusha fokasi kwa mkono. Anza na Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, f/2: kwenye sensa yako huona kama milimita 87, na mandhari ya nyuma hufifia kwa mzunguko. Super-Takumar 55 f/1.8 ni tulivu zaidi. Zote zina skrubu ya M42. Adapta moja inatosha.

Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona utando wa kuvu, iache. Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila lenzi, kwani haitaitambua lenzi ya zamani. Pete ya fokasi ikikaza, mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe.